Ngozi Inayoning'inia Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Kipi Kianze, Kipi Kingoje

Siku mizani iliposoma kilo 79 nilipiga picha, maana nilianzia 138. Ilikuwa imepita miezi kumi na sita tangu nikatwe sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Ofisini pongezi, harusini watu wananipita hawanijui. Lakini nikirudi nyumbani nikivua dera, tumbo lilikuwa limelala juu ya mapaja kama gunia lililokwisha unga. Kuoga kulitaka mikono miwili: mmoja uinue, mwingine usugue.

Shangazi yangu wa Pangani alipokuja kunitazama alitikisa kichwa, akafungua mkoba, akatoa kanga. "Mwanangu, hili la kufungwa tu, kama mzazi. Siku arobaini litarudi." Nikafungwa, tena nikakazwa kwelikweli. Siku ya tisa nikaanza kusikia harufu. Tulipofungua, chini ya mkunjo ngozi ilikuwa imechubuka na inatoa maji, na shangazi akanyamaza kimya.

Niliyojifunza baada ya hapo, kwa madaktari wawili, muuguzi mmoja wa vidonda na makosa yangu mwenyewe, ndiyo haya. Shikilia mpangilio wake: mikunjo kwanza, damu pili, mazoezi tatu, mizani nne, kisu mwisho. Wengi wetu tunaanza na kisu.

Kabla ya yote: acha kununua mafuta

Ngozi hushikwa na nyuzi za aina mbili, kolajeni inayoipa uimara na elastini inayoirudisha mahali pake ikivutwa. Ikishakaa imetanuka miaka kumi na tano, nyuzi hizo hukatika na hazifumwi tena kama zilivyokuwa. Ni lastiki ya sketi ya shule iliyovaliwa darasa la tano mpaka la saba: ikishalegea, hakuna sabuni itakayoikaza.

Kitakachobaki kinategemea umri wako, umekaa na unene miaka mingapi, umepoteza kilo ngapi, sigara, jua, na ulivyozaliwa. Binti wa miaka 26 aliyepunguza kilo 30 anaweza kuona ngozi ikijirudi kwa kiasi chake ndani ya mwaka au miwili. Mtu wa miaka 45 aliyepunguza 60 asijidanganye. Wala haijalishi umepunguzaje. Kwa kukatwa tumbo, kwa puto la tumboni kama yale yanayowekwa hospitali ya Mloganzila, Dar, kwa sindano za kupunguza uzito za semaglutaidi, ngozi haiulizi.

Mimi nilinunua krimu tatu za "kukaza". Zilinilainisha ngozi, mwasho ukapungua, basi. Unga wa kolajeni ukishaumeza tumbo linausaga kama protini nyingine yoyote, na yai ni rahisi zaidi. Mkanda wa kubana una faida moja ya kweli, kuzuia ngozi isitikisike ukitembea au ukikimbilia daladala. Ukiuvua, mambo ni yale yale.

Kisha jua hasa unabeba nini. Lala chali, ushike mkunjo wa tumbo kwa vidole viwili. Ukiwa mwembamba kama kitambaa kilichokunjwa, hiyo ni ngozi. Ukiwa mnene na mzito, mafuta bado yapo na safari ya uzito haijaisha. Halafu inua kichwa bila kusaidia kwa mikono: kikitokea kigongo kirefu katikati kutoka kifuani kuja kitovuni, misuli ya tumbo imeachana, jambo la kawaida kwa aliyezaa au aliyekuwa na tumbo kubwa. Lakini uvimbe wa duara unaochomoza mahali pamoja, hasa penye kovu la zamani, huenda ukawa henia, yaani ngiri. Huo mwonyeshe daktari mapema. Ukiuma ghafla, ukawa mgumu, na unatapika, nenda saa hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Mikunjo, asubuhi na jioni

Hapa ndipo pa kuweka nguvu zako zote kwa mwaka mzima. Ukikaa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, mwezi wa tatu jasho halikauki hata ukikaa tu barazani. Ndani ya mkunjo kuna joto, unyevu, na ngozi inayosuguana na ngozi. Fangasi aitwaye kandida hatafuti zaidi ya hapo.

Picha nyingi za vitabuni huonyesha wekundu. Kwenye ngozi zetu nyeusi mara nyingi utaona weusi uliokolea au rangi ya zambarau, na katikati ngozi nyeupe iliyolowana kama vidole vilivyokaa sana majini. Vipele vidogo vilivyotawanyika pembeni ya eneo kubwa ni dalili nzuri ya kandida.

Oga kwa maji ya kawaida na sabuni isiyo na manukato, kwa kiganja, dodoki liweke mbali. Suuza mpaka utelezi wote uishe, maana sabuni iliyobaki mle ndani huchoma. Futa kwa kugusagusa. Sasa lala chali kitandani, inua mkunjo, elekeza feni, hesabu dakika tano. Najua asubuhi hakuna mwenye dakika tano, lakini hizo ndizo zilizoniponya kuliko dawa. Mashine ya kukaushia nywele inafaa pia, mradi iwe kwenye upepo wa baridi. Ngozi ikiwa nzima, paka krimu ya zinki, ile ya watoto ya kuzuia kuungua nepi, au mafuta ya mgando, safu nyembamba tu.

Kinachofuata ni kitambaa, na hapa shangazi na kanga zake wana sehemu yao. Kanga mpya haifai, ina ugumu wa dukani na hainyonyi jasho. Chukua iliyofuliwa mpaka ikalainika, iwe ya pamba tupu, ukate vipande vya upana wa kiganja na urefu wa kutoka nyonga hadi nyonga. Ukingo ulioshonwa utoe, unachubua. Kunja mara mbili, laza ndani ya mkunjo, na uache kichomoze nje kila upande kama upana wa vidole viwili. Kitambaa kilichofichwa chote hunyonya jasho kikakaa nalo mle mle. Kilichochomoza hulitoa nje likakauka. Kanga yangu ilikuwa imeandikwa "Japo sipati tamaa sikati", na baada ya mkasi nilibaki na kipande kimoja chenye "tamaa" peke yake. Vipande vyote vilikuwa kumi na vinne. Badilisha kila kinapolowa. Siku za joto ni mara tatu au nne, viwili vya akiba vikae kwenye mkoba. Ukivifua vianike juani kisha vipige pasi ya moto pande zote. Pasi hii haina uhusiano na unadhifu: kuna nzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa nje, na funza wake huingia kwenye ngozi.

Fangasi akishaingia, krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 mara mbili kwa siku, wiki mbili hadi nne, na usiache siku ile ile unapoona pamepona. Duka la dawa watakupa kwa haraka zile krimu za mchanganyiko, dawa tatu kwenye tyubu moja. Ndani yake kuna steroidi yenye nguvu. Mwasho utakoma siku mbili, ndiyo, lakini ikitumika muda mrefu mkunjoni ngozi hukonda na kupasuka mistari. Soma tyubu kabla ya kulipa. Limau, magadi na shabu juu ya ngozi iliyochubuka ni mateso ya bure, na poda juu ya krimu hugeuka uji wenye mabonge yanayokwangua. Fangasi akirudi kila mwezi licha ya yote haya, kapime sukari.

Usaha, homa, ngozi iliyovimba yenye joto linalosambaa, au kidonda ambacho wiki mbili zimepita hakijafunga, hayo si ya kutibiwa nyumbani.

Mapaja yanayochubuana hayana maneno mengi: taiti ndefu ya pamba chini ya gauni, na mafuta ya mgando kabla ya kutoka. Sidiria pimwa upya, usivae ile ya zamani iliyokazwa ndoano ya mwisho.

Na uandike. Daftari dogo lenye tarehe, dawa uliyotumia, picha za simu, na kila karatasi ya kliniki. Utaona baadaye kwa nini.

Hatua ya 2: Damu na protini

Kabla ya kufikiria kisu chochote nilikutana na daktari wa upasuaji rekebishi aliyenitazama kope za chini, akaagiza kipimo cha damu, na akanirudisha nyumbani. Himoglobini ilikuwa 9.4. Nilikasirika sana. Kwa miezi kumi na sita niliambiwa ninapendeza, huyu ananiambia sina damu.

Alikuwa sahihi. Aliyekatwa tumbo, na zaidi aliyefanyiwa baipasi, yaani utumbo kuunganishwa upya ili chakula kiruke sehemu yake, hula kidogo na hufyonza kidogo. Chuma hupungua, vitamini B12, folati, vitamini D, kalisi (kalsiamu), zinki, vyote. Upasuaji wa ngozi huacha mshono mrefu kuliko wa upasuaji uliokupunguza, wakati mwingine unaozunguka nusu ya mwili, na mshono huo unafungwa kwa protini na damu. Usipokuwa navyo, unafumuka.

Lengo la kawaida baada ya upasuaji wa kupunguza uzito ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na madaktari wengi hutaka zaidi ya hapo ukikaribia upasuaji wa ngozi. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa au mtindi 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, kipande cha samaki cha gramu 100 ni 20 na ushei. Dagaa wakavu ni hazina: zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na hela yake haiumi. Nilikuwa nawakaanga bila mafuta, nawasaga, nanyunyiza kijiko kwenye kila kitu, hata kwenye uji. Watoto walilalamika. Anza na protini kwenye sahani, wali na ugali vifuate kama nafasi ipo, na kwa tumbo hili jipya mara nyingi haipo.

Kuhusu chai. Sisi tunameza dawa na chochote kilicho mezani, na mezani huwa kuna chai. Chai huzuia chuma kuingia mwilini. Vidonge vya chuma meza kwa maji au juisi ya machungwa, chai isubiri saa moja au mbili. Kalisi nayo inashindana na chuma, kwa hiyo vitenganishe kwa saa mbili angalau. Mimi vidonge havikutosha, nikawekewa chuma kwa dripu, na ilichukua miezi mitatu kufika 12.

Hatua ya 3: Tembea, kisha nyanyua

Mazoezi hayakazi ngozi. Yanajaza kilicho chini yake. Mgongo, makalio na mapaja yenye misuli hubeba ngozi vizuri zaidi, na mtu mwenye miguu yenye nguvu huinuka kitandani baada ya upasuaji bila kulitumia tumbo. Kuinuka kwenye kiti bila mikono, mara kumi, asubuhi na jioni. Chupa mbili za maji za lita moja na nusu zinatosha kwa mikono.

Hatua ya 4: Mizani isimame

Wengi huchukua miezi 12 hadi 18 tangu upasuaji wa kwanza mpaka uzito utulie. Madaktari wanataka uone kilo zile zile, kupanda na kushuka kidogo tu, kwa miezi mitatu hadi sita mfululizo. Sababu yake ni rahisi. Ukikata ngozi leo, kisha ukapungua kilo nyingine 12, utalegea tena juu ya kovu. Ukikata ukaongezeka, kovu litatanuka.

Piga hesabu ya BMI, kipimo cha uzito kwa urefu wako: kilo zako gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mimi 79 kugawanya kwa 1.63 mara 1.63, unapata 29.7. Wengi hupendelea iwe chini ya 30 au karibu na hapo, kwa sababu juu yake vidonda huchelewa na damu kuganda mishipani huwa hatari zaidi. Lakini kama mkunjo wenyewe ndio unaokuzuia kutembea au umejaa vidonda, daktari anaweza kuuondoa hata ukiwa juu ya namba hiyo. Hayo ni mazungumzo yenu.

Dada ambaye bado anataka mtoto azae kwanza. Baada ya upasuaji wa kupunguza uzito hushauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya mimba, na mimba baada ya kukaza tumbo, ingawa hubebeka, itairudisha kazi yote nyuma.

Hatua ya 5: Jua unaomba upasuaji gani

Watu husema "nataka kukata tumbo" wakimaanisha mambo mawili tofauti. La kwanza ni kuondoa ule mkunjo unaoning'inia tu, ngozi na mafuta yake, bila kugusa misuli. Ni upasuaji wa zamani: Howard Kelly, daktari wa wanawake wa Johns Hopkins kule Baltimore, aliuelezea mwaka 1899. La pili ni kukaza tumbo zima, ambako misuli iliyoachana hushonwa pamoja na kitovu huhamishiwa mahali pake papya. La kwanza linatibu upele na uzito, la pili linabadilisha na umbo. Aliyepungua sana ana ngozi ya ziada hata kwa upana, na daktari anaweza kupendekeza mkato wa pili wa wima, kutoka kifuani kushuka chini. Uliza hilo mapema, usije ukaamka na kovu usilolitegemea.

Wengine ngozi imezunguka mpaka mgongoni na makalioni, kwa hiyo mkato huzunguka kiuno chote. Mikono hukatwa kuanzia kwapani kushuka kuelekea kiwiko, kovu likikaa upande wa ndani. Mapaja hukatwa kwenye kinena, na ngozi ikiwa nyingi, hata kwa urefu ndani ya paja. Hapo ni pagumu kupona, pana jasho na haja ziko karibu. Matiti huinuliwa. Wanaume, msione haya: kifua kilicholegea kinaondolewa vile vile.

Huwezi kufanya vyote siku moja. Kila saa inayoongezeka mezani inaongeza damu inayopotea na hatari ya damu kuganda. Kati ya upasuaji na upasuaji acha miezi mitatu angalau.

Sasa sikio. Jishike ndewe za masikio ulipotoboa. Kuna kinundu kigumu kilichoota? Una kovu la chanjo begani lililovimba kupita kidonda chenyewe? Keloidi ni nyingi zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi, na mwenye historia yake ajue kwamba anabadilisha ngozi inayoning'inia kwa kovu ambalo huenda likavimba na kuwasha. Wapo wanaokubali biashara hiyo, wapo wanaoikataa. Mwambie daktari kabla, ili sindano za triamsinoloni za kutuliza kovu na karatasi za silikoni za kubandika juu yake zipangwe tangu mwanzo.

Hatua ya 6: Daktari na hela

Tafuta bingwa wa upasuaji rekebishi. "Daktari wa urembo" si cheo. Kenya, jina litafute mtandaoni kwenye daftari la KMPDC, baraza la madaktari la huko. Tanzania, Baraza la Madaktari Tanganyika. Kuna pia COSECSA, chuo cha kanda chenye makao Arusha kinachotahini mabingwa wa upasuaji. Mwishoni mwa 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kufyonzwa mafuta kwenye kliniki ya urembo, na KMPDC ikaifunga. Kwa hiyo usione aibu kuuliza: umewahi kuwakata wangapi waliotoka kwenye upasuaji wa kupunguza uzito? Nani atanipa usingizi? ICU, wodi ya mahututi, iko jengo hili au ng'ambo ya mji? Nikitoka damu saa nane usiku nampigia nani? Niliyemchagua alijibu la mwisho kwa kuniandikia namba yake nyuma ya kadi.

Bima nyingi huhesabu upasuaji huu kuwa ni urembo. Ndipo daftari lako linapofanya kazi. Upele uliotibiwa miezi kadhaa ukarudi, vidonda, henia, maumivu ya mgongo, yakiwa yameandikwa na daktari kwa tarehe, hayo ni maradhi. Ndugu zetu walioko Marekani wanajua: kampuni nyingi za huko hutaka kuona matibabu ya upele ya kama miezi mitatu yaliyoshindwa, na picha ya mkunjo uliovuka chini ya mfupa wa kinena. Popote ulipo, ombi liende kabla ya upasuaji na jibu uletewe kwa maandishi.

Wanaokwenda India au Uturuki, jumlisha na kukaa. Tiketi ya kurudi siku ya tano ni kuchezea uhai: mirija ya kutoa maji ya damu bado iko mwilini, na kukaa saa nyingi ndegeni baada ya upasuaji kunaalika damu iliyoganda miguuni. Jipangie wiki tatu au nne, na kabla ya kuondoka awepo daktari wa nyumbani aliyekubali kukupokea ukirudi.

Hatua ya 7: Mwezi wa mwisho

Sigara ziache wiki nne kabla na wiki nne baada, pamoja na shisha, ugoro na sigara za umeme. Nikotini hubana mishipa midogo, na ngozi iliyonyanyuliwa na kuvutwa huishi kwa mishipa hiyo midogo. Ikikosa damu huwa nyeusi na kufa. Mirungi mtajie daktari wa usingizi. Aspirini, dawa za kienyeji, vidonge vya uzazi wa mpango, vyote viandike kwenye karatasi, yeye aseme kipi kisimame na lini.

Kama upasuaji wako wa kwanza ulikuwa baipasi, hili lisomeke kwa herufi kubwa kwenye faili: nisipewe dawa za maumivu za diklofenaki wala ibuprofeni. Huleta vidonda pale utumbo ulipounganishwa. Wodini diklofenaki huchomwa kwa mazoea, kwa hiyo mwenye kukuuguza naye alijue.

Nyumba iandae kabla hujaenda. Vyombo vya kila siku vishuke kutoka kabati la juu. Kama choo ni cha kuchuchumaa, nunua kiti cha plastiki ukitoboe katikati, maana kuinuka kutoka pale chini kutavuta mshono wote. Mwenye kuswali aweke kiti cha kuswalia. Atafutwe wa kuchota maji, kwa wiki sita.

Hatua ya 8: Wiki sita

Utatembea umeinama kama bibi wa miaka tisini. Ndivyo inavyotakiwa, ukijinyoosha unavuta mshono. Lala chali, mito mgongoni, mto mwingine chini ya magoti. Siku ya kwanza hiyo hiyo watakuinua utembee hatua chache. Utawachukia, lakini tembea. Daktari akiagiza sindano za kuzuia damu kuganda, zimalize hata ukijiona mzima.

Mirija miwili hutoka ubavuni na kila mmoja una kipira kinachokusanya maji ya damu. Kimwage, pima, andika, kibonyeze tena kabla ya kukifunga ili kivute. Huondolewa maji yakipungua mpaka kama mililita 30 kwa saa 24, kwa wengi baada ya wiki moja au mbili. Mimi nilivitundika kwa pini kwenye mfuko wa kanga ulioshonwa na binti yangu, nikawa nazunguka navyo uani kama muuza karanga.

Mkanda wa kubana huvaliwa usiku na mchana kwa wiki kama sita. Nunua miwili, mmoja uko mwilini mwingine kwenye kamba. Chini yake vaa fulana nyepesi ya pamba, la sivyo joto litakurudisha kwenye upele ulioukimbia.

Usinyanyue kitu cha zaidi ya kilo tano. Siku ya 19 nilijiona nimepona, mirija imetoka, nikanyanyua ndoo ya lita 20 kutoka bombani hadi mlangoni. Hatua kumi tu. Jioni upande wa kushoto ulikuwa umevimba, na nikiugusa unacheza kama mfuko wa maji. Maji yalikuwa yamejikusanya chini ya ngozi. Nilivutwa kwa sindano mara tatu ndani ya wiki mbili, mililita 90 ile ya kwanza, na daktari hakunigombeza. Aliniuliza tu ndoo ilikuwa ya nani.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, ukikosa pumzi ghafla, kifua kikichoma, usisubiri asubuhi. Homa, mshono unaofunguka, ngozi inayobadilika kuwa nyeusi, piga ile namba ya nyuma ya kadi.

Kovu, na vilivyobaki

Mshono ukishafunga vizuri, kama wiki ya tatu au ya nne, silikoni ianze, saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi miwili mitatu. Kovu huwa baya zaidi kabla halijawa zuri: mwezi wa tatu langu lilikuwa jeusi na limenyanyuka, mwaka ulipofika likalala. Chini ya kitovu ganzi inaweza kukaa mwaka na zaidi, kwa hiyo chupa ya maji ya moto usiiweke hapo, utaungua usijue.

Walitoa kilo 3.2. Nilitegemea zaidi, kwa jinsi ilivyokuwa nzito kuibeba.

Mikono sijaigusa. Nilijishika masikio, nikakuta kinundu kwenye tundu la kulia, nikamwambia fundi anishonee mikono mirefu kwenye kila gauni. Shangazi anasema hiyo ndiyo heshima.